Kona ya Sahani

Kazini walimwita Mama Dirisha, naye aliitika bila kinyongo. Kwa miaka mingi alikuwa amekaa nyuma ya dirisha la malalamiko la shirika la maji, mahali ambapo watu hufika na ankara mkononi na matusi mdomoni, na sifa yake ilikuwa kwamba hakuna aliyeondoka pale na hasira kubwa kuliko aliyokuja nayo. Mtu alikuja anafoka, anapiga kioo kwa kiganja, anauliza kama watu wa shirika wanadhani yeye anaoga hewa. Mama Dirisha alimwacha amalize. Ndoo iliyojaa, alipenda kusema, huitii kitu mpaka imwagwe kwanza. Kisha kwa ile sauti yake ya taratibu angemwambia, "Nimekuelewa, ndugu yangu. Malalamiko yako ni ya haki. Tuanze na bomba: lilikauka lini?" Na yule yule aliyekuja kuvunja kioo angejikuta anaeleza habari za bomba lake kama anaeleza habari za mgonjwa.

Siku malalamiko yalipohamishiwa kwenye simu, dirisha lilizibwa kwa matofali, na yeye akabaki na sauti isiyo na kazi. Haikukaa bure muda mrefu. Kulikuwa na ofisi mpya juu ya duka la magodoro, chumba kirefu chenye kompyuta nyingi na feni moja yenye kiburi iliyozunguka inapotaka, na pale walitafuta watu wanaojua kuongea na wenye hasira. Kazi yenyewe ilikuwa kulinda kurasa za mtandaoni dhidi ya matusi, vitisho na uchochezi. Alipoulizwa kama ana uzoefu na matusi, alijibu kwamba ametukanwa na mji mzima, mtaa kwa mtaa, na mitaa mingine mara mbili.

Hakufanya kazi hiyo peke yake. Pale ofisini kulikuwa na modeli ya lugha, yaani programu iliyolishwa maandishi mengi kuliko ambayo binadamu angeyamaliza hata akizaliwa mara mia, mpaka ikajifunza jinsi watu wanavyosema. Ilifanya mambo mawili. Ilipitia maneno yanayoandikwa kwenye kurasa ikayawekea alama nyekundu yale mabaya. Halafu ikaandika rasimu ya jibu la kumpoza mwandishi, jibu ambalo lingemfikia yeye peke yake, pembeni, bila kumwaibisha mbele za watu. Hakuna alama iliyokubaliwa wala jibu lililotoka kabla mtu hajalisoma. Vijana wa ofisini waliiita Mgeni, kwa sababu Kiswahili chake kilikuwa safi kupita kiasi, kama cha bwana harusi anayeogopa kukosea mbele ya wakwe.

Siku zake za mwanzo Mama Dirisha alikuta Mgeni amemwandikia mtu aliyeahidi kumvunja jirani yake mguu: "Mpendwa mtumiaji, kauli yako haiendani na maadili ya jukwaa hili."

"Mpendwa!" alicheka mpaka akafuta machozi. "Mtu yuko na rungu mkononi, wewe unamwita mpendwa? Utavunjwa wa kwako kwanza."

Akafuta, akaandika upya kwa namna ya dirishani. Na kila alichorekebisha kilirudishwa kwa Mgeni ili ajifunze. Polepole mashine ikaanza kusema "pole, ndugu yangu". Ikaanza kusema "nimekuelewa". Ikaanza kusema "tuanze na". Msimamizi wao, binti mwembamba waliyembandika jina la Kanuni kwa sababu hakunywa hata maji bila kukumbusha kanuni, alitangaza kikaoni kwamba siku hizi watu wengi wanaopokea majibu hayo huyafuta maneno yao wenyewe, bila kulazimishwa. Wenzake walimpigia Mama Dirisha makofi. Alifurahi, tena alifurahi sana, na hakuna aliyejua kwamba alipofika nyumbani siku hiyo alikaa kwenye kiti cha mlangoni bila kuvua viatu, akijiuliza inakuwaje sauti inayowatuliza walimwengu wote ndiyo iliyomfukuza mwanawe.

Maana alikuwa na mtoto mmoja tu, mwanamume, na huyo alikuwa ameondoka.

Jina la nyumbani la kijana huyo lilikuwa Kona. Alipewa na baba yake, seremala, ambaye hakuweza kuhamisha hata kiti bila kuhubiri: shika kona kwanza, kitu chochote ukishika kona yake hakikushindi. Mtoto aliyashika maneno hayo. Siku moja, akiwa bado na meno ya maziwa, aliagizwa alete sahani mezani. Akasimama nayo, akaizungusha, akaizungusha tena, akauliza kwa huzuni ya kweli, "Baba, mbona sioni kona yake?" Wazazi walicheka mpaka mama mtu akashika ukuta. Tangu hapo, mle ndani, mtu aliyechanganyikiwa kwa jambo la wazi aliambiwa amepotea kwenye kona ya sahani. Msemo huo haukutoka nje ya mlango wao. Ulikuwa mali yao, kama harufu ya nyumba.

Seremala alipofariki, mama mtu aliuza zana zake zote: misumeno, randa, hata meza ya kazi iliyokuwa na alama za visu vya utotoni vya Kona. Hakumuuliza mtoto. Aliona kila akizitazama moyo unamchanika, basi akaziondoa. Kona aliporudi kutoka kibaruani akakuta karakana tupu, alipiga kelele ambazo majirani walizisikia mpaka nyumba ya tatu. Alimwita mama yake mwizi. Alisema amemuua baba mara ya pili.

Na Mama Dirisha, mwanamke aliyekuwa na uchungu wake mwenyewe tele, alifanya alichokizoea. Alimwacha amalize. Kisha akasema kwa taratibu, "Nimekuelewa, mwanangu. Malalamiko yako ni ya haki."

Kijana alimtazama kama mtu aliyemwagiwa maji baridi.

"Mimi si mteja wako, Mama," alisema. "Nigombeze basi. Nipige hata kofi. Lia! Nimekuita mwizi, na wewe unanielewa?"

"Nimekuelewa," alirudia, maana neno jingine hakuwa nalo.

Kona akachukua begi. Simu yake ikazimwa, ikabadilishwa, na tangu hapo ukawa mwaka, ukawa na mwingine. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Wengine walimwambia atarudi tu, kijana akichoka kuzurura hurudi kwa mama yake, wakaendelea na chai yao. Yeye aliendelea kuweka sahani mbili mezani, halafu akajikaripia, akarudisha moja kabatini.

Sasa ikaja fainali ya mpira wa vilabu. Refa alikuwa mwanamke, msichana mdogo mwenye mgongo ulionyooka, naye katika dakika za mwisho alikataa penalti ambayo nusu ya uwanja iliitaka kwa roho yote. Kufikia asubuhi ukurasa wake ulikuwa umefurika. Mgeni aliweka alama nyekundu mpaka skrini ikafanana na shamba la nyanya. Wafanyakazi waligawana faili, kila akaunti faili lake. Kanuni aliwakumbusha utaratibu ingawa wote waliujua: alama nyekundu tatu zikithibitishwa, akaunti inafungwa; mwandishi akifuta maneno yake mwenyewe, yanatoweka na kwenye faili pia, kwa kuwa aliyejirudi hawekewi kumbukumbu; na faili lisilo na alama hatulioni, maana hatukuajiriwa kuchungulia watu.

Mama Dirisha alishughulikia faili moja, la pili, la tano. Kisha akafungua la mtu aliyejiita Kisiki, lisilo na picha wala mji. Akasoma:

"Refa huyu angepotea kwenye kona ya sahani. Mwanamke na filimbi wapi na wapi? Arudi jikoni kabla hatujamrudisha kwa mawe."

Alisoma mara ya pili. Ni Kona. Alikuwa hai! Alikuwa mahali fulani, ana simu, ana macho ya kutazama mpira, na hajasahau sahani. Furaha ilimjia kwanza, na hilo lilimwaibisha baadaye, kwamba furaha ilitangulia na mawe yakafuata nyuma. Alithibitisha alama nyekundu. Rasimu ya Mgeni ilikuwa tayari: "Pole, ndugu yangu. Nimekuelewa, mchezo umekuumiza. Tuanze na maneno yako kuhusu mawe." Hakuongeza neno. Akaituma.

Jibu lilirudi baada ya muda mfupi: "Nendeni huko." Lilikuwa jibu la ovyo kabisa, naye alilisoma kama barua ya posa.

Kuanzia hapo akaharibika. Ndiyo neno lake, tusilipake sukari. Kila asubuhi aliwahi kabla ya wenzake, akafungua orodha ya mekundu, akamtafuta Kisiki. Asipomwona, siku nzima ilimkaa vibaya. Hakuwa na njia nyingine ya kumpata: mwanawe alikuwa anamfikia kwa tusi tu, na alipokuwa na adabu alipotea. Basi mama mtu akaanza kutamani atukane. Alikaa pale, mwanamke aliyelipwa kuzima moto, akiomba kimoyomoyo kamoshi kadogo.

Na kamoshi kakaja. "Tunajua anakopita akitoka mazoezini. Tutamsubiri na mawe yake."

Mgeni aliiwekea alama pale pale. Mama Dirisha alijua kwamba hiyo ingekuwa ya pili, na ya tatu ingefunga akaunti, na akaunti ikifungwa Kona angezama tena kule asikofikika. Kulikuwa na kitufe cha kumsahihisha Mgeni pale anapochukulia masihara kuwa vitisho. Alikibonyeza. Akaandika sababu kwa neno moja: utani. Mashine ikatii, alama ikafutika, maneno yakabaki kwenye ukurasa wa refa mchana kutwa. Watu wengine wakaja chini yake wakiuliza mkutano ni saa ngapi.

Kesho yake Kanuni alimsogezea ujumbe uliotumwa na refa mwenyewe. Hakujua bado.

"Mliniambia yupo mtu anayesoma kabla," refa alikuwa ameandika. "Huyo aliyesoma hili, utani aliuona wapi? Mama yangu amekaa mlangoni tangu alfajiri. Amenikataza kutoka. Ana umri wa kupumzika, na amekaa kwenye sakafu ya baridi akinilinda."

Mama Dirisha aliiona ile sakafu. Alimwona mwanamke wa rika lake, miguu imenyooshwa kuziba mlango, akisikiliza kila hatua inayopita njiani. Mficha maradhi kifo humuumbua, alijisemea, lakini hapa kifo kingeweza kumwangukia mtoto wa mwenzake. Aliinuka, akaenda mpaka meza ya Kanuni.

"Binti yangu, lile neno la mawe niliachia mimi. Haukuwa utani."

"Ulichoka, Mama?"

"Sikuchoka. Kisiki ni mwanangu."

Kanuni aliweka kalamu chini. Alikuwa na macho makubwa ya mtu ambaye kanuni imemfika mahali hajawahi kuikuta. Kwanza alifanya lililopasa: akarudisha alama, akayaondoa maneno yale ukurasani, akapiga simu kwa wanaohusika na usalama wa refa. Kisha akasema, kwa upole lakini bila kupinda, "Faili la ndugu hulishiki, Mama. Nalichukua mimi. Na nitaandika kwamba umekosea."

"Andika. Nimekosea kweli."

"Na wiki zijazo utakaa kwenye kukagua picha. Majibu hutagusa."

"Sawa. Ila niruhusu nikae hapa pembeni nione atasema nini."

Kanuni alifikiri, akavuta kiti.

Kanuni akalisoma jibu la Mgeni, akaliruhusu liende kwa Kisiki, lile lile la taratibu: pole, nimekuelewa, tuanze na. Walisubiri. Feni ilijisikia kuzunguka, ikazunguka. Maneno yakaja kwenye skrini, na Mama Dirisha aliyasoma akiwa ameziba mdomo kwa kanga.

"Hata wewe mashine unaongea kama mama yangu. Nimekuelewa, nimekuelewa. Mama yangu aliuelewa mji mzima. Ningetoa chochote anigombeze mara moja tu, nijue nina kwetu."

Kanuni aligeuza uso, akajifanya anatafuta kitu kwenye droo. Alikuwa na mama yake pia, tena wa kugombeza asubuhi na jioni, na siku hiyo ndipo alipomwonea huruma mama yake huyo.

"Onyo la mwisho linatakiwa liende," alisema hatimaye. "Mgeni ameshaandika. Akikaidi hili, ya tatu hiyo, tunafunga."

"Mgeni ameandika nini?"

Kanuni akasoma kwa aibu. "Nimekuelewa, ndugu yangu..."

"Usiitume hiyo, nakuomba. Sauti hiyo niliifundisha mimi, na kwa huyu ni sumu." Mama Dirisha alishika ukingo wa meza. "Niandike mimi. Wewe usome. Ukiona pana kosa, futa yote, sitasema neno."

"Jina usiweke. Wala namba ya simu."

"Siweki."

Akakaa. Kwa miaka yote ile hakuwahi kuandika kwa hasira, wala hakujua kama anayo. Alianza akasita. Kisha akawakumbuka wale wawili, refa ndani na mama mlangoni, akakumbuka na begi la mwanawe linavyotoka nje na yeye amesimama anaelewa, na hasira ikaja yote kwa pamoja, ya zamani na ya leo, imechanganyika na mapenzi mpaka haitenganishiki. Alibonyeza vitufe kama anayepiga chapati.

"Wewe! Nani amekulea? Nakuuliza wewe! Umemtishia mtoto wa watu kwa mawe, mama yake amekaa sakafuni analinda mlango kwa ajili yako. Sikuelewi, na leo sitaki kukuelewa. Kona ya sahani ndiyo umeigeuza fimbo ya kumpigia mtu aliyesimama peke yake katikati ya uwanja? Aliyekufundisha kushika kona alikufundisha ili mzigo usimwangukie wa upande wa pili. Nimeona haya kwa niaba yako. Futa ulichoandika, chote, kwa mkono wako, sasa hivi. Halafu ule, maana ukiwa na njaa hujawahi kuwa na akili."

Kanuni alisoma polepole. Akarudia. Mdomo wake ulitikisika kidogo pale mwisho.

"Jina hakuna," alisema. "Namba hakuna. Tusi hakuna." Akavuta pumzi. "Kanuni ya kuizuia siioni."

Akaituma kwa mkono wake mwenyewe.

Hapakuja jibu. Kijana wa meza ya jirani aliuliza kama kuna tatizo, akaambiwa aangalie kazi yake. Mama Dirisha alitazama lile faili dogo lenye mistari michache: mawe ya kwanza, nendeni huko, mawe ya pili, matusi mawili matatu ya rejareja ya majibu ya pembeni yasiyohesabiwa alama, na ule wa kutaka kugombezwa. Ndivyo vitu pekee vya mwanawe alivyokuwa navyo duniani tangu aondoke, na karibu vyote vilikuwa vibaya, na alikuwa amevihifadhi kichwani neno kwa neno.

Kisha mstari wa kwanza ukatoweka.

"Anafuta," Kanuni alinong'ona. "Mama, anafuta mwenyewe."

Ukaenda wa pili. Matusi ya rejareja yakaondoka. Mama Dirisha alikuwa anacheka na kulia, anampiga Kanuni begani kwa kiganja, anasema, "Amenisikia! Ananisikia huyu, mtoto mkaidi!" na papo hapo alikuwa anataka kuizuia ile mistari kwa mikono, maana kila uliokwenda ulikwenda na sehemu ya Kona. Alikuwa anamtii. Alikuwa anamtii mpaka anaisha machoni pake.

Ukabaki mstari mmoja. Walisubiri nao uondoke. Haukuondoka. Asubuhi ikawa mchana, watu wakashuka kula wakarudi, na bado ulikuwa pale. Ningetoa chochote anigombeze mara moja tu, nijue nina kwetu. Pembeni yake Mgeni alikuwa ameweka alama ya kijani na neno alilotumia kwa maandishi yasiyomdhuru mtu: safi.

"Huu ameuacha," alisema Mama Dirisha.

"Ameuacha," alisema Kanuni. Kisha, kwa shida, akaongeza, "Faili halina nyekundu tena, Mama. Linafungwa. Na akiendelea hivi... hatutamwona."

"Najua."

"Anaweza kukutafuta. Simu yako anayo?"

"Sijaibadilisha tangu azaliwe."

Alijua vizuri sana alichokuwa anakiomba sasa. Jana aliomba kamoshi. Leo ilimbidi aombe mwanawe awe mtu wa adabu, awe mtu mwema, apite mitandaoni bila kugusa mtu, ili jina la Kisiki lisitokee tena kwenye skrini yake maisha yake yote. Aliusoma ule mstari mara ya mwisho, akisogeza midomo. Kanuni alimwachia kipanya, jambo ambalo hakuna utaratibu wowote ulioliruhusu, na Mama Dirisha akalifunga faili yeye mwenyewe.

Akarudi kwenye meza yake, kwenye picha alizopangiwa. Simu haikuruhusiwa mezani saa za kazi. Aliitoa mkobani, akapandisha sauti mpaka mwisho, akailaza mbele yake, kioo juu. Kanuni alipita na karatasi zake mkononi, akaiona, akasimama. Akaisogeza kidogo kutoka ukingoni ili isianguke, akaendelea na safari yake.